Kuku wa chini ya ngazi

Leo ni siku ya arobaini. Asubuhi nimefungua banda nikamkuta yule mwekundu, asiye na mkia, amejipachika juu ya mti wa kulalia katikati ya kuku wangu wa zamani, na hakuna anayemdonoa. Nimebaki nimesimama na sufuria ya pumba mkononi kama mjinga.

Walikuwa wanne, kuku wa mama jirani yetu hapa Himbi, mtaa wa Goma. Alipanda boti kwenda Bukavu kumuuguza binti yake, akasema wiki mbili, ikawa miezi. Sentinele, yaani mlinzi, aliyeachiwa kuku aliwafungia kwenye sanduku la mbao chini ya ngazi. Kilichonishtua ni kimya. Kuku mzima hanyamazi hivyo. Nikampigia mama simu.

“Wachukue, mwanangu. Wakipona ni wako. Wakifa, usiniambie.”

Nilipomnyanyua wa kwanza, mfupa wa kifua ulinichoma kiganja. Upanga wa kichwani ulikuwa mweupe kama karatasi, magamba ya miguu yameinuka kwa ukurutu, na chini ya mbawa chawa wakitembea bila haya. Mdogo wangu akachungulia: “Yaya, hizi kuku zimeisha. Tuzichinje tu.” Tungekula nini, mifupa?

Niseme ukweli, sentinele siwezi kumsema sana. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, nilikimbilia Sake nikiwa nimewafungia kuku wangu saba bandani. Nilidhani kesho yake tungekuwa tumesharudi. Banda lile nililibomoa mwenyewe, bila kumwita mtu anisaidie.

Watu wengi wakipata kuku wa hivyo huwachanganya na wenzao siku hiyohiyo, kisha kideri kikiingia wanasema wamerogwa. Mimi niliwaweka siku thelathini kwenye jiko la zamani, mbali na wengine. Kila asubuhi nililisha wangu kwanza, wagonjwa mwisho, nikawa na kandambili za huko tu. Chakula kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lililozoea njaa halipendi kushtuliwa: uji wa mahindi, halafu pumba na vumbi la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Hata hivyo mmoja alikufa siku ya sita, usiku, bila sauti.

Miguu ndiyo ilinichukulia muda. Unailoweka kwenye maji vuguvugu ya sabuni, unasugua taratibu kwa mswaki wa zamani, usibandue gamba kwa nguvu, kisha unapaka mafuta ya mawese ili wadudu waliomo wakose hewa. Kila wiki unarudia. Wakawa wanatembea kama wamevaa soksi za rangi ya chungwa.

Kiwanja chetu ni mabanga matupu, mawe ya volkano, kuku hana pa kujifukia. Nikanunua gunia la udongo, likaja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, nikauchanganya na majivu ndani ya beseni. Yule mwekundu aliutazama udongo muda mrefu. Akaingia mguu mmoja. Ghafla akajibwaga ubavu, akanyoosha mbawa, macho yakafumba, hatikisiki. Moyo ulinipasuka, nikajua ni wa pili huyo anakufa. Nilipomgusa akanirushia vumbi usoni. Alikuwa anaoga.

Wiki ya tano niliwahamishia bandani kwa wenzao, wavu katikati, waonane bila kugusana. Kisha usiku mmoja, wote wakiwa wamelala, nikawapandisha watatu pamoja kwenye mti. Usimwingize mmoja peke yake, atabeba kipigo chote. Kulipokucha vita viliwaka hata hivyo. Tetea wangu wa kijivu, mwenye nyumba hasa, alimkimbiza mwekundu mpaka kwenye ukuta na kumtoboa upanga. Kuku wakiona damu hawaachi, ikabidi nimtoe siku mbili. Niliongeza sahani ya pili ya chakula upande mwingine, nikatundika kabichi juu ili midomo ipate kazi.

Jioni mama jirani amepiga simu kutoka Bukavu. Hakuniuliza kama wamepona. Nikamwambia mwenyewe: watatu wanakula. Akanyamaza, nikasikia pikipiki zikipita upande wake.

“Yule mwekundu,” akasema, “bado anapenda ndizi?”

Mimi sikujua kama anapenda ndizi. Nimemkatia moja iliyoiva, akaimaliza, sasa yuko na ganda lake mlangoni, analigeuzageuza, na yule wa kijivu anamtazama kwa mbali.