Usingizi Usio na Saa

Ni saa 12 na robo asubuhi. Nimekaa dirishani na daftari langu, na leo ni siku ya 23 mfululizo naamka wakati huu huu. Jana sikupata lepe la usingizi hadi saa 8 usiku, kwa hiyo macho ni mazito na mwandiko umepinda. Lakini nimeamka, na nataka kuandika sababu kabla pilikapilika za mchana hazijaanza.

Kwa karibu miaka miwili nililala pale tu usingizi uliponikuta. Kazi yangu ni kutafsiri, na kazi hiyo haina mlango wa kufunga jioni. Leo napanda kitandani saa 3, kesho alfajiri inanikuta bado naandika, Jumamosi naamka jua likiwa la utosi. Niliamini kabisa kwamba mwili unataka jumla tu: ukiupunja leo, utaulipa kesho.

Mwezi uliopita nikaanza kuandika kila nilipolala na kila nilipoamka. Wiki ya kwanza, Jumatatu nililala kwa muda wa saa 4, Jumanne 9, Jumatano 5, Alhamisi 6, Ijumaa 4, Jumamosi 12, Jumapili 10. Jumla ni saa 50. Ukigawa kwa siku 7 unapata saa 7 na dakika kadhaa kwa usiku, na watu wazima hushauriwa walale angalau saa 7. Niliyarudia mahesabu mara mbili. Kumbe sikuwa na upungufu wowote kwenye karatasi, na wiki hiyo hiyo ndiyo niliyomfokea mwanangu.

Alikuja na kitabu chake akaniomba nimsikilize akisoma. Ilikuwa saa 11 jioni, mimi ndiyo kwanza najikongoja kutoka katika usingizi wa mchana, kichwa kizito kama kimejazwa mchanga. Sikumbuki hata nilisema nini. Nakumbuka alivyokifunga kitabu polepole, akaondoka bila kulia. Angelia ingekuwa nafuu kwangu.

Baada ya hapo nikaanza kusoma kuhusu jambo hili kwa bidii. Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna kishada cha seli za neva zipatazo 20,000 ambacho ndicho saa kuu ya mwili. Mzunguko wake kwa watu wengi unazidi kidogo saa 24, kwa hiyo ikiachwa yenyewe huchelewa kidogo kila siku. Kinachoirudisha kwenye mstari ni mwanga, hasa wa asubuhi, unaoingia kupitia macho. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre aliishi peke yake pangoni kwa miezi miwili, bila saa wala jua. Alipoambiwa kwamba muda umekwisha, tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni tarehe 20 Agosti. Siku 25 zilikuwa zimempotea. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Mimi nina madirisha manne, na nilikuwa nikiishi pangoni.

Tena saa si hiyo moja tu. Ini lina yake, kongosho lina yake, na zote huisikiliza ile kuu. Ndiyo maana chakula kile kile ukila usiku wa manane sukari yake hukawia zaidi kwenye damu kuliko ukila asubuhi: mwili hauko tayari kukipokea. Na mimi njaa yangu kubwa ilikuwa inakuja saa 9 usiku! Kulala hadi mchana siku za mapumziko nako, nilikokuita kufidia, kulikuwa ni sawa na kusafiri mbali kwa ndege kila Ijumaa na kurudi kila Jumapili, mwili ukiachwa njiani. Jumapili usiku nageuka-geuka kitandani, Jumatatu naamka nikiwa nimelala saa 4 tu, na mzunguko unaanza upya.

Kwa hiyo sikuanza na saa ya kulala. Nilijaribu zamani na nikashindwa, maana usingizi hauamrishwi. Nimeshika saa ya kuamka peke yake. Naamka, nafungua pazia, natoka nje, nasimama kwenye mwanga. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu mno. Ya pili, usingizi ukaanza kunijia wenyewe mnamo saa 4 usiku, ingawa si kila siku. Maneno yamenirudia pia. Kabla ya hapo niliweza kulikodolea macho neno la kawaida kabisa nisijue nalitafsirije. Napenda sana kwamba Kiswahili kinaanza kuhesabu saa za mchana jua linapotoka. Saa 1 ni asubuhi. Hata saa iliyo kichwani mwangu inapangwa na jua hilo hilo.

Ila kuna jambo linaloniuma, nami sitaki kulipita. Dada yangu ni muuguzi. Wiki hii zamu ya usiku, wiki ijayo ya mchana, kisha usiku tena. Yeye hakuchagua. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likaiacha kazi ya zamu za usiku katika kundi hilo hilo. Hiyo haimaanishi kwamba kila anayekesha kazini ataugua. Lakini nakasirika ninaposikia watu wanaofanya kazi hiyo wakiambiwa tu "jitahidi ulale mapema". Wapangaji wa zamu ndio wa kuambiwa. Mtu akikesha kwa ajili ya wagonjwa wetu, anastahili ratiba isiyomgeuza kila wiki.

Dada anarudi saa 2. Nimeshafunga mapazia ya chumba chake na kuziba mwanya wa juu kwa shuka nzito. Mwanangu ameamka, yuko hapa kando na kitabu chake. Nimemwambia atanisomea nje, kwenye mwanga, ili shangazi yake akifika akute nyumba imetulia.