Mikroomu 310 kwenye kiungo kilichopoa

Tulikuwa juu ya mnara wa laini ya umeme tukikagua viungo vya waya, upepo unavuma, na kamera ya joto ilikuwa imeshatoa jibu lake: viungo vya jampa (kipande cha waya kinachounganisha laini pande mbili za mnara) kwenye fezi zote tatu, yaani nyaya tatu za laini, vina joto lilelile la waya. Wenzangu walitaka tuandike "salama" tuhamie mnara unaofuata. Mimi niliona hatujapima kitu bado. Fundi mkuu wetu, mtu mzima aliyekulia kwenye laini, akanisikiliza.

"Haya kijana, pima tuone."

"Sawa, Mzee."

Laini ilikuwa ya kilovoti 132 kati ya fezi na fezi, na hatukuizima. Kituo kilikuwa kimezuia swichi isijirudishe yenyewe endapo laini ingekatika tukiwa juu. Mita ya ukinzani, yaani ya kupima jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita, hufungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu ya faibaglasi. Ina meno mawili ya kuuma pande mbili za kiungo, na sensa inayosoma ampea zinazopita. Hupima volteji iliyopotea kati ya jino na jino, ikaigawa kwa ampea, jibu likatoka kwa mikroomu, yaani sehemu za milioni za omu, kipimo cha ukinzani. Watu huniuliza inakuwaje chombo cha kuhesabu milivolti kisiungue kwenye waya wenye kilovoti 76 hivi dhidi ya ardhi. Ni kama ndege anayetua wayani: mita nzima hupanda volteji pamoja na waya, na inachokiona ni ile tofauti ndogo tu.

Nilianza na waya mtupu, na hilo siliachi kamwe, kwa sababu namba ya kiungo peke yake haikuambii lolote mpaka ujue urefu uleule wa waya una ukinzani gani. Alumini iliyokaa juani miaka mingi huota ngozi nyeusi, na meno yakigusa tu bila kuuma, namba zinarukaruka. Fimbo ilikuwa inayumba kwa upepo, mabega yanawaka. Nikakandamiza, nikazungusha kidogo, namba zikatulia: 55. Kiungo cha fezi ya kwanza, 34. Cha pili, 37. Ndivyo inavyotakiwa; kiungo kizima kina metali nyingi kuliko waya, kwa hiyo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Cha tatu kikasoma 310. Nikasogeza meno, nikarudia, ikawa palepale. Mzee akaipokea fimbo akapima mwenyewe.

Kamera haikukosea. Joto la kiungo hufuata mraba wa mkondo, na saa ile laini ilikuwa imebeba ampea 90 tu. Kwa mkondo huo mikroomu 310 hutoa wati 2.5, ambazo upepo unazipeperusha zote. Mzigo ukipanda hadi ampea 400, kiungo hichohicho kinatoa karibu wati 50, na hapo ndipo waya huanza kulegea na hatimaye kukatika, huku cheti kikisema salama. Jambo hili linanigusa, maana chini ya waya hupita watu.

Laini ilipozimwa na kutiwa ethi, yaani kuunganishwa na ardhi, tukafungua klampu, kile kibano kinachoshika kiungo. Ndani tulikuta unga wa kijivu, na grisi ya kuzuia oksaidi haikuwapo hata chembe. Alumini ikikutana na hewa hujivika oksaidi papo hapo, na oksaidi hiyo haipitishi umeme. Mkondo wote ulikuwa unabanana kwenye madoa machache yaliyobaki yakigusana, yanaungua, yanazidi kupungua. Nyuzi za juu za waya zilikuwa zimeshaanza kuliwa. Niliudhika sana. Kupiga brashi na kupaka grisi ni kazi ya dakika chache tu, na aliyekifunga kiungo kile aliiruka.

Tukakata sehemu iliyoliwa, tukasugua, tukapaka grisi, tukafunga klampu mpya na kukaza bolti kwa spana ya kipimo. Umeme uliporudi nikapanda na fimbo: 36. Mzee akaagiza fomu ya ukaguzi iongezwe nafasi tatu: mikroomu za waya, mikroomu za kiungo, na ampea zilizokuwa zinapita wakati wa kupima.