Mchwa wa njia ya kusini

Waya wa kuchajia ulibaki nyumbani Mbagala, Dar es Salaam, umechomekwa ukutani, na tuligundua tukiwa tumeshaipita Vikindu. Ilikuwa Desemba, saa kumi na mbili asubuhi. Tableti ya watoto ilikuwa imebakiwa na chaji asilimia 19, na mbele yetu zilitungoja zaidi ya kilomita 500 hadi Mikindani kwa mjomba wangu. Baba watoto alinitupia jicho kwenye kioo. Mimi nikageukia dirishani kama mtu aliyeajiriwa kuhesabu minazi. Kurudi Mbagala saa zile, foleni imeshaamka, hakuna aliyelitaja.

Ndani ya Noah tulikuwa watano: baba watoto kwenye usukani, Mama yangu kiti cha mbele kwa sababu ya magoti, na mimi nyuma, katikati ya mkubwa wa miaka 11 anayejua kila kitu na mdogo wa miaka 7 anayetapika. Huyu wa kutapika huwezi kumpa kitabu wala simu gari likitembea. Macho yakitulia kwenye kioo cha simu huku masikio kwa ndani yakihisi gari linayumba, ubongo haujui umwamini nani, na tumbo ndilo linalolipa. Zamani tulibeba mifuko ya rambo. Tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019, tunabeba ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko. Kwa hiyo, nikijitetea, tableti ingemfaa mmoja tu. Tulichohitaji ni michezo ya kutazama nje.

Nikaanza na ule wa kwenye katuni: naona kitu kinachoanza na herufi fulani, nyie mtafute. Nikasema, "Naona kitu kinachoanza na M." Wakataja mti, mnazi, mwembe, mkorosho, mgomba, mtu, mbuzi, mbwa, mlango, mkokoteni, msikiti, mwalimu. Kumbe mimi nilikuwa namaanisha muhogo. Mchezo ule umetungwa kwa lugha za watu. Kwa Kiswahili nusu ya dunia inaanza na M, na tulipofika Mkuranga (M tena) hakuna aliyekuwa na hamu nao.

"Acheni hayo," Mama akasema bila kugeuka. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia mwibani."

Kimya. Kisha mdogo akapiga kelele, maana pembeni mwa barabara kulikuwa na kina mama wamepanga mananasi kama mnara. Hapo Mama akatangaza sheria yake: kitendawili chochote kitakachotegwa, jibu lake lazima lionekane kwa dirisha la gari. Sheria hiyo moja ilitufikisha Kibiti. Mtoto hasinzii wala hatapiki, kwa sababu jibu linaweza kuwa kwenye kona inayofuata. Vya vitabuni viliisha haraka, wakaanza kutunga vyao. Mdogo akatega: "Mtu wangu kauning'iniza moyo wake nje." Tukahangaika, tukataja bodaboda, tukataja mlevi. Alikuwa anatazama mikorosho. Bibo limeiva jekundu, na korosho yake inaning'inia chini, nje ya tunda. Mama alimgeukia akamtazama kwa muda. Sijui kama mimi niliwahi kutazamwa hivyo nilipokuwa na miaka 7.

Ukishindwa unatoa mji, kama ilivyo desturi. Sisi tukasema mji utolewe kwenye njia hii hii, na uwe ule ambao hatujaufikia. Watoto wakashindwa wakatoa Ikwiriri, wakatoa Nangurukuru, wakatoa Lindi mjini na bandari yake. Tulipoingia Kibiti, Mama alikuwa anamiliki kila kitu hadi Mikindani, nasi tukawa tunasafiri ndani ya milki yake. Kila kijiji alikisalimia kama mwenye mali.

Alama tulihesabu kwa korosho. Tulinunua pakti pale Mkuranga, tukazimimina kwenye kopo. Kupeleka korosho Mtwara ni sawa na kupeleka chumvi baharini, najua, lakini kila mchezo mzuri unataka kitu cha kugombania. Mtunza kopo alikuwa mdogo. Hilo lilikuwa kosa, na litajitokeza mwishoni.

Kuanzia Kibiti tukahamia kwenye namba za magari. Namba zetu zina T, tarakimu tatu, halafu herufi tatu, na hizo za mwisho ndizo mtaji: uzigeuze sentensi kabla gari halijapotea. Namba nyeupe, yaani za magari ya biashara, zilikuwa na alama moja, za njano za watu binafsi alama mbili. Bodaboda tulizifuta, zingemaliza kopo. Lori likatupita lina DMK, na mkubwa akasema "Dereva Mbona Kimya?" Dereva wetu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Vikindu. Mama akasoma BKS: "Bibi Kataka Sambusa," na gari likasimama. Q na X tulizipa ruhusa ya kupita bure kama wageni. Lakini mchezo huu ni wa karibu na mji. Baada ya Ikwiriri magari yalipungua, na huwezi kumwambia mtoto asubiri namba moja kila dakika tano.

Daraja la Mkapa likaja wakati mzuri. Lina urefu wa mita 970. Mkubwa akapiga hesabu kwa vidole: tukienda kilomita 50 kwa saa, ni sekunde 70 kutoka ukingo mmoja wa Rufiji hadi mwingine. Shindano likawa ni kubana pumzi. Baba watoto tulimwondoa, tunamhitaji akiwa na fahamu zake. Mdogo aliishia robo ya daraja. Mimi sisemi niliishia wapi. Mkubwa alivuka lote, au alidai hivyo, uso umemvimba kama kitumbua.

"Sekunde 70," Mama akasema. "Sisi hapa tulivuka siku mbili."

Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, wakati Mkapa mwenyewe, mtoto wa Lupaso huko Masasi, akiwa bado Rais. Kabla ya hapo mtu wa kusini alivuka kwa pantoni pale Ndundu. Mvua zikinyesha, mabasi yalipanga foleni, na ng'ambo ya pili njia ya Somanga ilikuwa tope tupu. Watu walipika hapo, wakalala chini ya basi, wakafahamiana. Wasichana walichimba kishimo wakacheza mdako. Mama anasema siku ya pili pale Ndundu alikuwa na deni la mdako kwa msichana wa Newala asiyemjua jina, na hajalilipa hadi leo.

Basi tuliposimama Somanga kwa samaki wa kukaanga, alishuka polepole kwa magoti yake, akaokota vijiwe, akatafuta kivuli. Kishimo kidogo, vijiwe ndani. Unarusha kimoja juu, kikiwa hewani unakomba vya shimoni vitoke nje, unakidaka. Unarusha tena, unavirudisha vyote ubaki na kimoja. Hivyo hivyo hadi shimo liwe tupu. Mkono wake ulikwenda kama wa mtu anayepepeta mchele. Mkubwa, bingwa wa mpira wa kwenye simu, alishindwa hata kudaka. Tulikaa Somanga karibu saa nzima, na baba watoto alikula samaki wawili akitazama saa. Pale pale barabara hii ilikatika katika mvua za 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, na kusini kukarudi mbali kama zamani. Siku yetu ilikuwa lami kavu.

Kutoka hapo hadi Nangurukuru tulicheza mchezo wa baba watoto, ule wa kunyamaza. Wazazi wote wanaujua. Ulidumu hadi askari wa barabarani wa kwanza.

Nangurukuru ndiyo njia panda ya Kilwa Masoko. Ukiipita unaanza msitu, na msitu ule hauna haraka. Hapa ndipo tulipocheza mchezo ninaoupenda kuliko yote, wa kuunganisha maneno. Kwa Kiingereza huwa wanaunganisha kwa herufi ya mwisho. Jaribu kwa Kiswahili uone: maneno yetu karibu yote yanaishia na a, e, i, o, u, kwa hiyo utazunguka kwenye herufi tano hadi Lindi. Sisi tunakata silabi. Mkubwa alianza na Nangurukuru yenyewe. Rungu. Nguva. Vazi. Zimwi. Mwitu. Tumbili. Limau. Ukiendesha gari unaweza kucheza, ukikaanga samaki unaweza kucheza. Mdogo alipobanwa kwenye "chakula" akasema "lala", na kwa huruma tukakubali vitenzi viingie. Nikashtuka nimechelewa: "lala" inaishia na la vile vile, kamrudishia mwenziwe mzigo ule ule.

Mkubwa naye akagundua jambo. Maneno kama mtoto au mti hayawezi kuja katikati, maana ni vigumu kupata neno linaloishia na m. Yanafaa kuanzia tu. Na mshindi wa mzunguko ndiye anayeanza. Akangoja ashinde. Aliposhinda akatazama nje, vichuguu vimejipanga chini ya miti, akatamka taratibu: "Mchwa."

Zamu ilikuwa ya Mama.

Chwa. Tulijaribu wote, hata dereva. Hakuna kitu.

"Chwa," Mama akasema.

"Bibi, hilo si neno."

"Jua huchwa. Jua likizama, limekuchwa."

"Basi ni kuchwa. Linaanza na ku. Umekosa, Bibi."

"Na lala je? Si kulala? Mdogo wako alisema kulala?"

"Lala ni amri. Unaweza kumwambia mtu lala. Jua utaliamuru lichwe?"

Walibishana hadi Mchinga. Mama amelelewa na watu waliosema jua lachwa kila jioni ya maisha yao, na sasa mtoto wa Mbagala anamnyima korosho moja. Nilitaka kuamua, nikajikumbusha kwamba mmoja ni mama yangu na mwingine ni mwanangu. Nikatazama vichuguu.

Lindi tulifika saa tisa, bahari imetulia. Mkubwa, labda kwa kutafuta suluhu, akaleta maswali 20: yeye anafikiria kitu, sisi tunauliza, yeye anajibu ndiyo au hapana. Ni mnyama? Ndiyo. Yuko hai? Hapana. Ni wa Lindi? Ndiyo. Yuko Lindi? Hapana. Ni mkubwa kuliko gari letu? Ndiyo, na akacheka.

"Alipanda basi?" mdogo akauliza.

"Hapana."

"Mjusi wa Tendaguru," Mama akasema. Kusini hakuna asiyemjua dinosaria huyo. Wajerumani walichimba mifupa yake kwenye vilima vya Tendaguru kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo amesimama Berlin, kimo chake kinapita mita 13.

Mdogo alifikiri sana. "Kwa hiyo alitoka kwao kwa miguu ya watu."

"Miguu ya babu zetu," Mama akajibu, na kwa kilomita kadhaa hakuna aliyetega chochote. Tulifika njia panda ya Mnazi Mmoja, kulia Masasi, sisi tukashika ya Mtwara, na mdogo akalala na kopo mapajani.

Mikindani tuliingia jua linagusa kilima. Maji ya ghuba yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Mjomba alisimama mlangoni na kikoi chake, watoto wakatoa shikamoo, mabegi yakashushwa. Mama hakukaa. Alimshika mkubwa bega, akamgeuza atazame juu ya minazi.

"Linafanya nini lile?"

"Linazama, Bibi."

"Haya." Akamgeukia kaka yake. "Ile kamusi yako bado unayo, au imeliwa na mchwa?"

Ilikuwapo, haina jalada, imefungwa kwa uzi. Mama hakutaka kuisoma yeye. Akampa mkubwa, akamwambia afungue kwenye ch, siyo kwenye k. Mkubwa akashuka na kidole, ukurasa wa kwanza, wa pili, huku sisi tumemzunguka na chai inapoa. Kidole kikasimama. Chwa. Peke yake, bila ku, kama vitenzi vyote vinavyoandikwa humo.

Hakusema kitu. Alifunga kitabu kwa adabu kubwa, akamtazama mdogo, maana alama ilikuwa ya kulipwa. Bibi tayari ameshanyoosha kiganja.

Mdogo akafunua kopo. Lilikuwa na chumvi tu chini.