Mwezi unaanguka kila sekunde, sema haufiki chini

Kila ikisambaa video ya wanaanga wanaelea, lazima utasikia mtu anasema "si kwa sababu kule juu hamna graviti". Aisee. Hii kitu inaniudhi kwa sababu ukishaiamini huwezi tena kueleza kwa nini kituo chenyewe cha anga hakijapotelea mbali huko. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 tu juu yetu, na dunia kutoka katikati hadi hapa tunapokanyaga ni kilomita 6,371, kwa hiyo hizo 400 ni kama hujatoka hata getini. Graviti ya pale ni karibu asilimia 89 ya hii ya chini. Yaani ungeweza kujenga mnara wa kilomita 400 ukapanda nao na mizani yako, mtu wa kilo 70 mizani ingemsomea kama 62. Asingeelea hata kidogo, angesimama tu, na akiteleza angeshuka hadi chini kama mtu yeyote aliyeanguka ghorofani.

Sasa mbona wanaelea? Kwa sababu wanaanguka. Wao, kituo, kalamu, tone la maji, vyote vinaanguka pamoja kwa mwendo uleule, kwa hiyo hamna sakafu inayowasukuma miguuni, na uzito tunaousikia mwilini ndo huo, ni sakafu inavyotusukuma juu. Ukiiondoa sakafu hisia ya uzito inaondoka, graviti inabaki palepale inafanya kazi yake.

Swali linalofuata ni la haki kabisa: kama wanaanguka mbona hawafiki?

Hapo ndo inabidi tuongelee mwendo wa duara, na watu wengi wanaukosea kwa sababu mwili unatudanganya. Kitu kikiwa kwenye mwendo kikaachwa, kinanyooka moja kwa moja, hakikati kona chenyewe. Funga jiwe kwenye kamba ulizungushe juu ya kichwa, kisha liachie, utaona haliruki kwenda nje kwa mstari unaotoka mkononi kwako, linatoka ubavuni, kule lilikokuwa linaelekea sekunde ileile ulipoachia. Hakukuwa na kitu kinachosukuma jiwe nje. Kulikuwa na kamba tu inalivuta ndani muda wote, na kila likitaka kunyooka kamba inalipindisha kidogo, tena, tena, mpaka linakuwa duara. Hata spidi isipobadilika kabisa, mwelekeo unabadilika, na kwa hesabu za fizikia kubadilisha mwelekeo nako ni mchapuko, yaani mwendo kubadilika kila sekunde. Kwenye gari ikikata kona ni hivyohivyo, unahisi umetupwa mlangoni ila ukweli wewe ulikuwa unaenda zako mbele, ni mlango ndo umekuja kwako.

Fomula ya mchapuko huo ni fupi: spidi mara spidi, gawanya kwa nusu kipenyo cha duara. Hiyo "spidi mara spidi" ndo yenye balaa, maana ukikata kona kwa 80 badala ya 40 matairi yanatakiwa yaivute gari ndani kwa nguvu mara nne, sio mara mbili, na msuguano wa barabara una kikomo chake. Ikipita hapo gari inanyooka, haikuombi ruhusa.

Haya, sasa toa kamba weka graviti. Mwanafizikia Isaac Newton aliieleza kwa mfano wa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu sana unapiga tufe kwa usawa. Kitu chochote kikiachiwa karibu na ardhi kinashuka kama mita 4.9 kwenye sekunde ya kwanza. Na dunia kwa kuwa ni mviringo, ukienda kilomita 8 kwa mstari ulionyooka ardhi inakuwa imeinama chini yako kama mita 5. Umeona inakoenda? Ukirusha tufe kwa karibu kilomita 8 kwa sekunde, na tujifanye hewa haipo, litaanguka mita 5, na ardhi nayo itakuwa imekwepa mita 5. Sekunde inayofuata hivyohivyo. Linaanguka maisha yake yote na ardhi inalikwepa maisha yake yote, na hiyo ndo obiti. Kituo cha anga kinaenda kama kilomita 7.7 kwa sekunde na kinamaliza mzunguko kwa dakika 90 na kitu.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hili unaweza kulihakiki na mwezi, kwa kalkuleta ya simu. Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka katikati ya dunia na unazunguka kwa siku 27.3. Piga mzingo wa duara hilo gawanya kwa muda, unapata kama kilomita 1.02 kwa sekunde. Weka kwenye fomula yetu kwa mita, mchapuko unatoka mita 0.0027 kwa sekunde kila sekunde, wakati hapa chini ule wa graviti ni 9.8. Gawanya 9.8 kwa huo, inakuja karibu 3,600. Na mwezi uko mbali mara ngapi ya nusu kipenyo cha dunia? Mara 60. Sitini mara sitini ni 3,600! Hapo ndo unaona kwamba kinachodondosha embe na kinachoushika mwezi ni kitu kimoja, kinapungua tu kwa mraba wa umbali. Kwa hesabu hiyo mwezi unaanguka kuja kwetu kama milimita 1.4 kila sekunde. Kidogo sana, ila inatosha kuupindisha.

Ukizilinganisha hizo fomula mbili, ya duara na ya graviti, uzito wa kinachozunguka unajikata wenyewe, ndo maana bisibisi aliyoiachia mwanaanga inaenda sambamba na kituo cha tani zaidi ya 400. Kinachobaki ni umbali: ukiwa mbali zaidi unaenda polepole zaidi. Kilomita 35,786 juu ya ardhi spidi imeshuka hadi kama kilomita 3.1 kwa sekunde na mzunguko unalingana na dunia inavyojizungusha, kwa hiyo setilaiti za tivii zilizopangwa juu ya ikweta zinaonekana hazisogei na dishi unalifunga mara moja tu.

Hii sheria iliwahi kuwasumbua hata marubani wazoefu. Juni 1965 James McDivitt kwenye chombo cha Gemini 4 alitaka kukisogelea kipande cha roketi kilichokuwa kimewafikisha juu. Akakielekezea pua akawasha injini, kama rubani yeyote angefanya, na badala ya kukikaribia mambo yakaharibika, mafuta yakaisha karibu nusu wakaacha. Maana ukiongeza spidi kuelekea mbele obiti yako inapanda, ikipanda inakuwa ndefu na ya polepole, unabaki nyuma. Unayemfukuza akiwa mbele yako unatakiwa upunguze spidi, ushuke, kule chini obiti ni fupi na ya haraka, umpite au umfikie kisha upande. Desemba mwaka huohuo Walter Schirra na Gemini 6A wakafanya hivyo, wakaanzia obiti ya chini nyuma ya Gemini 7, wakaifukuzia toka huko chini, na mwisho vyombo viwili vikakaribiana hadi kama sentimita 30.