Siku moja maishani mwangu: kulitunza kanisa la kale la kijijini

Saa 11:00 alfajiri

Mvua imenyesha usiku kucha, kwa hiyo leo siendi moja kwa moja kufungua sakristia. Nachukua tochi, nalizunguka kanisa kwa nje kwanza. Asubuhi ya mvua ndiyo inayofaa kwa ukaguzi. Jua likishatoka kuta hukauka juujuu, na unabaki kubahatisha maji yalipita wapi.

Mimi ni sakristani. Kwenye karatasi za parokia kazi hiyo ni kuandaa altare, mavazi na vyombo vya misa. Lakini katika kanisa la kijiji lenye umri kama huu, anayeshika ufunguo ndiye anayeshika pia ngazi, ufagio, daftari la matengenezo na lawama paa likivuja. Siilalamikii hata kidogo. Nalipenda jengo hili, na ninaamini majengo ya namna hii hayaokolewi na ukarabati mkubwa wa mara moja kila kizazi. Huokolewa na mtu anayeyapitia kila siku kwa macho na mikono.

Upande wa kaskazini, karibu na mnara, naona baka jeusi la unyevu linaloshuka kutoka chini ya paa hadi usawa wa dirisha. Mvua iliyopita halikuwapo. Nagusa jiwe: limelowa. Nagusa saruji iliyoziba ungio la mawe pembeni yake: kavu kabisa. Habari nzima ya ukuta huu iko hapo, nami nitairudia mchana fundi akija.

Saa 12:00 asubuhi

Kengele ya sala ya Malaika wa Bwana. Mapigo 3, kimya kidogo, 3 tena, kimya, 3 tena, halafu 9 mfululizo. Wazee wetu walipanga siku zao kwa kengele hii, na hata leo, ingawa kila mtu ana simu, nikichelewa dakika tano nitaulizwa njiani kama nilikuwa naumwa.

Kengele ni shaba na bati, takribani sehemu 4 za shaba kwa 1 ya bati. Mchanganyiko huo ndio unaoipa sauti, na ndio huohuo unaoifanya ipasuke upesi ikipigwa vibaya. Ulimi wake unatakiwa kugonga ukingo wa chini, pale ukuta wa kengele ulipo mnene zaidi. Vijana wakipewa nafasi hupenda kuufunga ulimi kamba na kuuvuta kwa nguvu mpaka ubane kwenye ukuta wa kengele. Nimewakataza kabisa, maana kengele nyingi za kale duniani zimepata ufa kwa mtindo huo. Ikishapasuka haiunganishwi kwa moto wa kawaida wa kuchomelea; kuichomelea ni kazi ya mafundi wachache sana, na mara nyingi huishia kuyeyushwa na kusubuliwa upya. Sauti waliyoisikia babu zetu inakuwa imeondoka.

Saa 12:30 asubuhi

Misa ya asubuhi. Siku za wiki waamini ni wachache, wengi ni wakina mama wazee wanaokaa benchi zilezile. Najaza mafuta kwenye taa ya tabernakulo, ambayo haitakiwi kuzimika maadamu Ekaristi imo. Padre akiwa kwenye mahubiri, mimi macho yananitoka kwenda dari la kaskazini. Bado halijatoa doa kwa ndani. Namshukuru Mungu.

Saa 2:00 asubuhi

Usafi. Hapa nina msimamo ambao si kila mtu anaupenda: simwagi maji sakafuni. Kanisa la mawe la zamani halina utando wa kuzuia unyevu chini yake, na ndoo unayoimwaga leo inaingia kwenye mawe, inapanda ukutani, na ikikauka inaacha chumvi nyeupe inayobandua lipu. Kwa hiyo ni ufagio laini, kisha tambara lililokamuliwa vizuri, basi.

Vivyo hivyo na madirisha. Leo hewa ya nje ina unyevu na joto, ndani kuta ni baridi. Nikifungua kila kitu sasa hivi, ile hewa itagusa jiwe na kugeuka matone. Nangoja mpaka nje pakauke. Wapo wanaosema kanisa linanuka kwa sababu sifungui madirisha. Linanuka pia ukiyafungua wakati usiofaa.

Vinara vya shaba navifuta kwa kitambaa kikavu tu. Kuvisugua kwa dawa ya kung'arisha nimeweka kwa sikukuu kubwa, kwa kuwa kila kusugua kunaondoka na chembe za shaba, na nakshi za vinara vyetu zimeshaanza kufutika. Matone ya nta kwenye sakafu ya mawe nayaacha yagande, nayainua kwa kijiti cha mbao. Kisu hapana.

Korporale za juzi, vitambaa vinavyotandikwa altareni chini ya hostia na kikombe, nazisuuza kwenye beseni la peke yake, na maji yale ya kwanza nayamwaga kwenye udongo, hayaendi kwenye mtaro. Kwa sababu ya chembe za hostia zinazoweza kuwa zimebaki humo, ndivyo tulivyofundishwa.

Saa 4:00 asubuhi

Sasa mfereji wa paa. Kijana mmoja wa kwaya ananishikia ngazi. Napanda juu ya lile baka, na jibu liko palepale: majani yaliyooza, tope jeusi, kiota cha zamani, na katikati yake mche wa mtini umeshaota, mizizi imezama kwenye ungio kati ya mfereji na ukuta. Mche mrefu kama kiganja tu. Ukiachwa, mizizi yake itanenepa na kusukuma mawe yaliyokaa sawa kwa vizazi.

Nautoa pole pole, nikifuata mzizi kwa vidole badala ya kuunyofoa, maana ukikatika unachipua tena. Kisha nazoa tope kwa mkono na kulitia ndooni. Kijana ananimwagia maji kutoka ndoo nyingine tuone yanavyokwenda. Yanafika kwenye mdomo wa bomba la kushushia, yanasimama, halafu yanafurika nyuma, upande wa ukuta. Bomba limeziba. Tunalifungua kiungo cha chini na kulizibua kwa fito ndefu. Linatoka bonge la majani limeshikana sawasawa, na nyuma yake maji yanashuka kwa kishindo.

"Kumbe ni hili tu?" kijana anauliza.

Ni hili tu. Makanisa mengi ya kale yameharibiwa na majani yaliyoziba bomba kuliko yaliyoharibiwa na radi. Mwaka 1877 huko Uingereza, William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, hasa kwa uchungu wa kuona makanisa yakivuliwa uzee wao kwa jina la ukarabati. Ushauri wao ulikuwa kuzuia uchakavu kwa matunzo ya kila siku. Naujua ushauri huo kwa namna ya ndoo na tope.

Saa 6:00 mchana

Kengele tena. Naosha mikono kwanza.

Saa 7:00 mchana

Fundi mwashi amefika na msaidizi wake. Namwonyesha baka. Anapiga saruji ya maungio kwa mpini wa nyundo, anasikiliza, anatikisa kichwa.

"Mama, mawe haya yamefungiwa."

Kanisa letu lilijengwa kwa mawe na chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe na ina vitundu. Maji yanayoingia ukutani hutoka kupitia maungio, ukuta ukakauka. Kisha, wakati fulani kabla yetu, watu wenye nia njema kabisa waliziba maungio ya upande huu kwa saruji. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, na ni kitu kizuri kwa majengo yaliyosanifiwa kwayo. Hapa ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi maji. Mvua inayopenya kwenye nyufa zake nyembamba haipati pa kutokea isipokuwa kwenye jiwe lenyewe, na jiwe linaanza kumenyeka uso. Ndiyo maana asubuhi saruji ilikuwa kavu na jiwe limelowa. Ungio ndilo linalopaswa kuchakaa, kwa kuwa ungio hubadilishwa. Jiwe la nakshi halirudi.

Fundi anafanya sehemu ndogo ya majaribio. Saruji anaitoa kwa tindo nyembamba na nyundo nyepesi. Grainda ameiacha nyumbani kwa makusudi, kwa sababu ikiteleza mara moja inakata kona za mawe. Anachimba kina kisichopungua mara 2 ya upana wa ungio, anaondoa vumbi kwa brashi, anarushia maji mpaka jiwe liache kunyonya. Chokaa yake imezimwa zamani, imekaa chini ya maji kwenye pipa, na imekuwa laini na ya kunata kama udongo wa mfinyanzi. Anachanganya kipimo 1 cha chokaa kwa 3 za mchanga wenye chembe kali na kubwa kidogo, na anaupigapiga ule mchanganyiko muda mrefu sana bila kuongeza maji. Msaidizi anataka kuongeza. "Acha," anamwambia, "jasho lako ndilo maji yake."

Anaushindilia kwa mwiko mwembamba, tabaka kwa tabaka, akiishia ndani kidogo ya uso wa jiwe ili kingo zionekane. Mwisho anagongagonga kwa ncha za brashi ngumu mpaka chembe za mchanga zitokeze. Kisha tunatundika magunia yaliyoloweshwa. Chokaa haigandi kwa kukauka. Inagandishwa na hewa ukaa inayoirudia polepole kutoka hewani, na ikikauka haraka inageuka unga. Kuyaweka magunia hayo na unyevu siku zinazofuata ni kazi yangu.

Saa 9:00 alasiri

Binti mmoja anahitaji cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Kitabu chake ni kipya, namwandikia upesi padre asaini. Lakini anauliza kama anaweza kuona jina la bibi mzaa bibi yake, na hilo liko kwenye kitabu cha zamani.

Kila parokia inatakiwa kuwa na vitabu vya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza uandikishaji wa ubatizo na ndoa mwaka 1563, na Sheria ya Kanisa ya sasa inataka hata vitabu vya kale vihifadhiwe kwa uangalifu. Naosha mikono, naikausha kabisa. Glavu za kitambaa sizitumii kwenye karatasi, zinapunguza hisia za vidole na kurasa huchanika. Nakiweka kitabu juu ya mito miwili ili mgongo wake usivunjike. Wino wa zamani umekula karatasi mahali pengine hadi herufi zimekuwa matundu.

Tunalipata jina. Pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwingine, kipaimara chake kimeongezwa. Chini yake, kwa mwandiko wa tatu, ndoa. Binti anasoma kimya, midomo ikitembea. Anaomba kupiga picha. Namruhusu, bila mwanga wa kamera.

Saa 11:00 jioni

Kwaya inafanya mazoezi. Napita kwenye ngazi ya mnara kuangalia unga wa mbao chini ya boriti, dalili ya bungua. Hakuna mpya. Mavi ya popo yapo, nayazoa nikiwa nimefunika pua na mdomo.

Saa 12:00 jioni

Kengele ya mwisho.

Saa 1:00 usiku

Kikao cha halmashauri ya parokia. Mzee mmoja, mtu aliyelitumikia kanisa hili kwa moyo maisha yake yote, analeta pendekezo: mnara upigwe lipu ya saruji na rangi, sakafu iwekwe marumaru, kanisa lipendeze kwa jubilei. Wengi wanapiga makofi. Ninawaelewa, watu wanataka kumpa Mungu kitu kinachong'aa.

Naomba ruhusa ya Baba Paroko, naweka mezani kipande cha saruji alichokitoa fundi, bado kimeng'ang'ania ganda la jiwe. Naeleza lile baka, na kwamba marumaru isiyopitisha unyevu itausukuma uende kwenye kuta. Mzee anakishika kile kipande, anakigeuza, anauliza, "Sasa hizo fedha tuzifanyie nini?" Nilikuwa nangoja swali hilo. Mabomba mapana zaidi ya kushushia maji, ngazi imara, chokaa ya kutosha ukuta wa kaskazini, na sanduku la chuma la vitabu vya ubatizo.

Wanabishana hadi karibu saa 3. Mabomba na chokaa vinapita. Sanduku linapita. Lipu ya mnara imesogezwa hadi mtaalamu wa majengo ya kale atakapoitwa na jimbo. Marumaru bado haijafa. Mzee ameomba iwe ajenda ya kikao kijacho, na nimemwahidi kwamba siku hiyo asubuhi, mvua ikiwa imenyesha, tutazunguka ukuta pamoja naye.