Sababu iliishia Mutukula

Cherehani yangu iko barazani Mwanjelwa, pembeni ya kijiwe cha kahawa. Huwa sichangii, lakini masikio sijayashona. Wiki iliyopita walibishana nani ana haki ya kuingia nchi ya mwenzake kwa silaha, na kama kawaida kijana mmoja wa bodaboda akafunga ubishi kwa kumwiga Mwalimu Nyerere alipotangaza vita na Idi Amin wa Uganda mwaka 1978: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wakacheka, kikaagizwa kikombe kingine.

Hilo neno la katikati hunisumbua. Uwezo unaonekana, nia kila mtu anayo moyoni mwake. Sababu je, anaikagua nani? Hata Marekani ilisema inayo. Tarehe 5 Februari 2003 waziri wake wa mambo ya nje, Colin Powell, alikwenda Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na picha na sauti zilizorekodiwa, mwezi uliofuata Iraki ikavamiwa, na maghala ya silaha za maangamizi hayakupatikana.

"Yetu ilikuwa tofauti," alisema mzee mmoja pale kijiweni. Ni kweli. Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia Kagera, wakaua, wakaswaga ng'ombe, na Novemba mosi akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Hapo sina la kubisha. (Amin naye alidai sisi ndio tuliomwanza. Hakuna aendaye vitani mikono mitupu.)

Jumapili nikapanda gari la Tukuyu kwenda kwa baba. Alikwenda vita ile akiwa mgambo, kijana wa Rungwe ambaye hakuwahi kuliona Ziwa Victoria. Nilimkuta anachambua maharage, mvua inapiga bati hadi tukawa tunapaza sauti.

"Baba, mliambiwa mnakwenda kufanya nini?"

"Kumtoa nduli."

"Mkamtoa?"

"Kufika Januari kwetu hakuwepo tena."

"Sasa Kampala mlifuata nini?"

Akachambua kwanza. "Tuliambiwa Mutukula, pale mpakani upande wa Uganda, kuna mwinuko, tukimwachia atatupiga mizinga kutoka juu. Tukauchukua. Halafu tukaambiwa mji wa Masaka, apate adabu. Baada ya Masaka, mama, hakuna aliyeuliza tena."

Masaka iliangushwa Februari 1979, na majengo yake yakalipuliwa kulipiza ya Kagera. Nilishayasoma hayo. Sikuwahi kumsikia baba akiyasema, na siku hiyo alisema sentensi moja tu: "Zile nyumba hazikuwa za Amin." Akaamka kwenda kufunga mbuzi ambaye alikuwa ameshafungwa.

Msininukuu vibaya. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili watu walijaa barabarani kushangilia, na mimi ningeshangilia nao. Ila sababu tuliyopewa Novemba haikuwa hiyo. Ilikuwa ya kurudisha mpaka, na mpaka ulisharudi. Ile ya kumwondoa Amin ilizaliwa njiani, jeshi likiwa limeshatembea. Julai wakuu wa Afrika walipokutana Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu kwa hilo. Sipendi kusema kwamba Nimeiri alikuwa na hoja, lakini alikuwa nayo.

Gharama zake kila nyumba ilizijua. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi kumi na minane, na mkanda haukulegea hata miezi hiyo ilipokwisha. Mama alikuwa kwao Kyela na kaka yangu mchanga. Sabuni hakuna, nepi akazifulia majani ya mpapai. Yeye ukimuuliza habari za vita ile hakutajii Amin, anakutajia mpapai.

Jumatatu kijana wa boda akaanza tena: uwezo tunao, sababu tunayo...

"Ya kufika wapi?" nikamuuliza.

Akageuka, wenzake wakageuka. Akaniangalia kama cherehani ndiyo imeongea.

"Mama, we shona."

Nikashona. Kulikuwa na sketi ya mteja, upindo wake umefumuka wote.