Kilio cha Wazee, Shangwe ya Vijana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii maneno "watoto wa elfu mbili", tunavyowaita waliozaliwa kuanzia mwaka 2000, yameninyima raha. Kwenye kundi letu la maombi mtu alituma orodha ya mambo ya utoto wetu: michezo ya rede, kombolela na chandimu, kusoma kwa kibatari, kusikiliza Mama na Mwana Radio Tanzania. Niliisoma kwa furaha. Ila mwishoni paliandikwa kwamba asiyeyajua hayo hakulelewa, na ndiyo maana kanisa limeharibika. Amina zikafuatana. Humo kundini wamo vijana wetu, tuliosimama nao siku ya ubatizo wao. Hakuna hata mmoja aliyejibu.

Mhubiri 7:10, inayotukataza kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi, mnaijua, sitairefusha. Mimi nimekaa kwenye Ezra 3.

Wayahudi wamerudi kutoka uhamishoni Babeli, na msingi wa hekalu la Yerusalemu lililobomolewa unawekwa upya. Makuhani wana panda, Walawi wana matoazi. Waliozaliwa uhamishoni, ambao hekalu walilisikia kwa kusimuliwa tu, wanapiga kelele za shangwe. Wazee walioiona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti kuu, hata watu wakashindwa kupambanua kilio na shangwe. Biblia haiwakemei wazee wale. Walipoteza kitu cha kweli. Hata leo, mtu aliyezoea tenzi za sauti nne bila kinanda ana haki ya kuumia spika zinapompasua masikio.

Lakini kazi ilipokwama miaka mingi, Bwana aliuliza kwa kinywa cha nabii Hagai: ni nani aliyebaki, aliyeiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza? Hakuwaambia wasahau. Aliwaambia watu wote wa nchi wawe hodari, wafanye kazi, kwa kuwa yu pamoja nao. Aliyeiona nyumba ya kwanza na asiyeiona walipewa kazi ileile.

Baba zangu na mama zangu, nasema kwa heshima: lieni, lakini msiwafungie wajenzi mlango. Kijana anafungua Biblia kwenye simu, hajafika hata Zaburi ameshaambiwa anachati. Binti anaomba kuongoza sifa, anaambiwa asubiri akue, naye ni mke wa mtu na ana mtoto mgongoni. "Mtu awaye yote asiudharau ujana wako," Paulo alimwandikia Timotheo, na sisi tumo katika huyo mtu awaye yote. Mmesahau mlivyoitwa wahuni mlipoingiza magitaa kwenye kwaya? Wapo wenzenu walioondoka siku zile na mpaka leo hawajarudi.

Vijana, nanyi acheni kuwaita wazee "analojia". Wengi wenu mmefika hapo kwa magoti yao.

Mwenye mvi wa Zaburi 71 haombi arudishiwe ujana. Anaomba Mungu asimwache mpaka akieleze kizazi kijacho nguvu zake. Basi waelezeni! Waambieni mwaka ule wa njaa mlikula nini, na Mungu aliwavushaje. Waambieni mlivyokesha kwa mgonjwa aliyekatiwa tamaa, akainuka. Hayo hawatayapata kwenye simu, na wana kiu nayo kuliko mnavyodhani.

Wazee wa kanisa, Jumapili hii mwachieni kijana asome somo la Agano la Kale. Akijikwaa kwenye jina la Zerubabeli, kiongozi wa ujenzi ule wa hekalu, aliye karibu amtajie taratibu, naye aendelee kusoma.